Tumbo la Binti Likikua, Usikimbilie Kusema Mimba

Daktari, binti yangu ana miaka 16. Tumbo limekua ndani ya wiki chache, na hapa Katoro, mkoani Geita, watu wameshamhukumu. Nifanye nini?

Mama, mpeleke akapigwe altrasaundi kabla ya kumuuliza mhusika ni nani. Kuna uvimbe wa ovari unaoanzia kwenye chembe zinazotengeneza mayai. Huwapata hasa wenye miaka 10 hadi 30, na hukua kwa kasi. Akipata maumivu makali ya ghafla na kutapika, msingoje asubuhi: huenda ovari imejinyonga.

Lakini kipimo cha mkojo kimetoa mistari miwili.

Hapo ndipo mabinti wengi wanaweza kudhulumiwa. Baadhi ya uvimbe huu hutoa hCG, homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba. Mistari inasema homoni ipo. Haisemi imetoka wapi. Kama kizazi ni kitupu, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje au uvimbe, na yote mawili yanataka daktari siku hiyohiyo. Uvimbe ukionekana, damu ipimwe AFP, hCG na LDH kabla ya upasuaji. Vipimo hivyo husaidia kuutambua, na baadaye kuonyesha kama dawa inafanya kazi.

Jirani yetu alitolewa uvimbe wenye nywele na meno. Watu wakasema karogwa.

Hakurogwa. Chembe ya yai imeumbwa kuzaa kila sehemu ya mwili: ngozi, nywele, meno, hata mfupa. Ikianza kukua peke yake pasipo mimba, hutoa vitu hivyo bila mpangilio. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi sana si saratani, na ukitolewa mambo yameisha. Inaniuma binti anapozungushwa kwa waganga miezi mitatu wakati ule mwingine, wa saratani, unasambaa tumboni.

Ikiwa ni saratani, atatolewa kizazi?

Kwa kawaida hapana, na mzazi aulize hilo kabla ya kutia sahihi. Hutolewa ovari yenye ugonjwa na mrija wake. Ya upande wa pili na kizazi hubaki. Wachache waliowahiwa huishia kwenye upasuaji na kufuatiliwa. Wengine hupewa dripu za bleomisini, etoposidi na sisplatini, mizunguko 3 au 4, kila baada ya siku 21. Kabla ya sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, aina kali za ugonjwa huu ziliua wengi. Leo waliowahiwa hupona zaidi ya 9 katika kila 10.

Huku kwetu naongeza neno: bleomisini huweza kuumiza mapafu. Kama binti amefanya kazi kwenye makarasha ya kusaga mawe akivuta vumbi lake, au amewahi kuugua kifua kikuu, daktari aambiwe mapema.

Matibabu yako wapi?

Bugando, Mwanza. Kutoka Geita sasa mnavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kungoja kivuko. Pangeni nauli ya mizunguko yote tangu mwanzo. Kukatisha dawa katikati kunaupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Na hedhi yake?

Inaweza kusimama wakati wa dripu. Kwa wengi hurudi baada ya miezi kadhaa, na wengi huja kuzaa. Asibebe mimba mpaka daktari amruhusu, na damu iendelee kupimwa, hasa miaka 2 ya kwanza.