Jinsi Chuo Kikuu cha Wisconsin Kilivyomaliza Ugomvi wa Maziwa

Mfugaji anayepeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika ameshaona karani akitumbukiza laktomita ili kujua kama maziwa yametiwa maji. Kifaa hicho hulinganisha uzito wa maziwa na ule wa maji. Hakipimi mafuta. Pengo hilo liliwahi kuwagombanisha wafugaji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, na aliyeliziba alikuwa mtafiti wa chuo kikuu cha umma. Katika somo la toleo hili tunaeleza ilivyokuwa, kwa sababu suala lenyewe, yaani mkulima kulipwa kwa haki, ni letu pia.

Tuanze na chuo. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali, ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wa jimbo, ili mapato yake yagharimie vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Wisconsin iliamua kuyapeleka mapato hayo katika chuo kikuu chake kilichokuwa tayari mjini Madison. Kwa miaka mingi wakulima hawakuona faida. Wanafunzi wa kilimo walikuwa wachache mno, na wengi mashambani waliamini kwamba kijana akienda Madison hatarudi kushika jembe.

Wakati huo huo kilimo chenyewe kilikuwa taabani. Wisconsin ilikuwa imetegemea ngano. Mashamba yalilimwa ngano juu ya ngano mpaka udongo ukachoka, na wadudu wanaofyonza utomvu wa mashina wakamalizia kilichobaki. Wengine walihamia magharibi kutafuta ardhi mpya. Waliobaki wakageukia ng'ombe. Mwaka 1872 baadhi yao, akiwemo mhariri wa gazeti William Dempster Hoard ambaye baadaye alikuwa gavana, walianzisha chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Mwaka 1880 chuo kilimwajiri William Henry kufundisha kilimo. Kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1883, miaka minne kabla ya serikali kuu kupitisha sheria ya kulipa dola 15,000 kwa mwaka kwa ajili ya kituo cha utafiti katika kila jimbo. Hata hivyo manung'uniko hayakuisha. Mwaka 1885 kulikuwa na msukumo wa kukiondoa kilimo katika chuo kikuu na kukianzishia chuo chake mbali na Madison. Henry na wenzake walijibu kwa kuanzisha kozi fupi ya majira ya baridi, wakati kazi za shamba zimepungua, ili vijana wa wakulima wasome bila kuacha kazi ya nyumbani. Kwa maoni yetu kozi ilisaidia, lakini kilichobadilisha hali hasa ni chupa ya kioo.

Viwanda vya siagi na jibini vilikuwa vikilipa maziwa kwa uzito wa jumla. Lakini siagi hutokana na mafuta. Tuseme Mama Wanjiku ameleta kilo 10 zenye mafuta asilimia 5, na jirani yake kilo 10 zenye asilimia 3. Mama Wanjiku ameleta gramu 500 za mafuta, jirani gramu 300. Wakilipwa sawa, mmoja amemlisha mwenzake. Kisha ukaja udanganyifu. Mtu akiengua krimu, maziwa yanayobaki huwa mazito kidogo kuliko maji zaidi ya kawaida. Akiongeza maji, uzito unashuka. Akifanya yote mawili kwa kipimo, laktomita inasoma vizuri kabisa na karani anaandika kwamba ni maziwa safi. Mfugaji mwaminifu alikuwa akipata hasara kila asubuhi, na wengine wakaona hakuna maana ya kufuga ng'ombe mzuri.

Wanakemia waliweza kupima mafuta, lakini katika maabara tu, kwa vifaa ghali na saa nyingi. Henry akamtaka mwanakemia wake, Stephen Babcock, atafute njia ambayo karani wa kiwanda kijijini ataiweza. Babcock alifikiria jambo ambalo ukilieleza linaonekana jepesi: badala ya kuyatoa mafuta kwenye maziwa, unayeyusha kila kitu kingine. Alichukua maziwa kidogo, karibu mililita 17 na nusu, akaongeza asidi ya salfuriki ya kiasi kama hicho. (Asidi hiyo ikichanganywa na maji ndiyo iliyo ndani ya betri ya gari, kwa hiyo jambo hili si la kujaribu jikoni.) Asidi huyeyusha protini zinazoyashikilia mafuta. Chupa huwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na kwa kuwa mafuta ni mepesi, hujitenga. Ukiongeza maji ya moto, mafuta hupanda kwenye shingo nyembamba ya chupa iliyochorwa mistari, nawe unasoma asilimia moja kwa moja kama unavyosoma kipimajoto. Kazi nzima haikufika nusu saa.

Inasimuliwa kwamba toleo la kwanza la kipimo lilifanya kazi kwa maziwa ya kundi lote la chuo isipokuwa ng'ombe mmoja. Wenzake walitaka kitangazwe hivyo hivyo. Babcock alikataa, akarudi kazini mpaka kikakubali maziwa ya ng'ombe huyo pia. Alikitangaza mwaka 1890 katika jarida la kituo, na hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asitengeneze kifaa hicho bila malipo. Yeyote aliruhusiwa kukitengeneza na kukitumia. Uhuru huo ulileta tatizo lake: palitokea chupa zilizochorwa mistari ovyo, na majimbo mengi yakatunga sheria za kukagua vioo vya kupimia. Kipimo kisichokaguliwa ni hatari kuliko kutokuwa na kipimo, kwa sababu watu wanakiamini.

Viwanda vilianza kulipa kwa mafuta, na faida ya kuengua na kutia maji ikatoweka. Jambo lingine halikutarajiwa sana: wafugaji walianza kupima kila ng'ombe peke yake na kugundua kwamba baadhi walikuwa wakila tu bila kulipa gharama ya chakula. Hao waliuzwa. Wakulima waliokuwa wakikidharau chuo wakaanza kuwapeleka vijana wao kusomea siagi na jibini huko Madison. Kufikia mwaka 1915 Wisconsin ilikuwa ikiongoza Marekani kwa siagi na jibini.

Muda mfupi baada ya Babcock, Niklaus Gerber wa Uswisi alitoa kipimo chake kinachotumia pia asidi na mzunguko. Hicho ndicho utakachokikuta mara nyingi katika maabara za maziwa hapa Kenya. Ikiwa chama chako kinauza kwa mnunuzi anayelipa kwa ubora, omba kuona matokeo ya mafuta, si ya laktomita pekee. Hakikisha mkebe umekorogwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, maana krimu hupanda juu. Na ukamue mpaka mwisho: maziwa ya mwisho ya kiwele huwa na mafuta mengi kuliko yale ya kwanza, kwa hiyo ukamuaji wa haraka haraka unaacha sehemu nono ndani ya ng'ombe.