Minara Miwili ya New York na Somo la Ngazi

Katika jengo refu, nafasi ni mali. Mwenye jengo hutaka sakafu pana za kukodisha. Lifti, ngazi, mabomba na nyaya navyo vinadai sehemu yao. Mgawanyo huo huonekana kuwa jambo la hesabu tu, lakini siku ya moto ndio unaoamua nani atatoka. Hayo yanadhihirika katika historia ya World Trade Center, kundi la majengo saba yaliyosimama kusini mwa kisiwa cha Manhattan, mjini New York, Marekani.

Msingi katika ardhi yenye maji

Mradi huo ulikuwa wa Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Msanifu wa majengo alikuwa Minoru Yamasaki, na mifupa ya minara miwili mikuu ilibuniwa na wahandisi John Skilling na Leslie Robertson. Kazi ilianza Agosti 1966, baada ya kubomolewa mtaa uliojulikana kwa maduka ya redio na vifaa vya umeme.

Sehemu kubwa ya kiwanja ilikuwa kifusi kilichojazwa zamani kando ya mto Hudson, na mwamba imara ulikuwa chini kiasi cha mita 20. Kuchimba shimo la kawaida kungeyakaribisha maji ya mto. Kwa hiyo ulichimbwa kwanza mtaro mwembamba kuzunguka kiwanja, nao ukajazwa uji mzito wa udongo wa mfinyanzi ili kingo zisiporomoke. Nondo zikateremshwa ndani, kisha zege likamiminwa kuanzia chini. Kwa kuwa zege ni zito zaidi, liliusukuma uji huo juu na kushika mahali pake. Ukapatikana ukuta wenye unene wa sentimita 90 hivi, na ndipo udongo wa ndani ulipochimbuliwa. Udongo huo ulimwagwa ukingoni mwa mto, na juu yake ukajengwa baadaye mtaa wa Battery Park City.

Sanduku na kiini chake

Majengo marefu ya awali yalibebwa na nguzo zilizotawanyika sakafuni kote. Katika minara hii, nguzo za chuma zilipangwa karibu karibu kwenye kuta za nje, 59 kila upande, zikawa kama sanduku linalostahimili upepo. Katikati palikuwa na kiini chenye nguzo 47. Kati ya kiini na kuta, sakafu zilishikwa na kenchi za chuma zenye urefu wa hadi mita 18. Hivyo kila ghorofa ilikuwa na uwanja mpana usio na nguzo.

Minara ilikuwa na ghorofa 110 kila mmoja. Wa kaskazini ulifika mita 417 na wa kusini mita 415. Lau kila lifti ingeanzia chini na kufika juu kabisa, mashimo ya lifti yangekula sehemu kubwa ya sakafu. Kwa hiyo viliwekwa vituo katika ghorofa ya 44 na ya 78. Abiria alipanda lifti ya haraka hadi kituoni, kisha akaingia lifti ndogo ya eneo lake, kama msafiri anayebadili treni.

Ngazi nazo zilikuwa tatu tu kwa kila mnara, zote ndani ya kiini, zikizungukwa na kuta za vibao vya jasi. Kanuni mpya ya ujenzi ya mji huo, iliyopitishwa mwaka 1968, ilidai ngazi chache kuliko ile ya 1938, na wasanifu walifuata rasimu zake. Majengo yalizinduliwa rasmi Aprili 1973.

Mitihani miwili

Tarehe 26 Februari 1993 bomu lililipuka katika maegesho ya magari chini ya majengo na kuua watu 6. Moshi ulipanda ngazini, taa zikazimika, na kutoka kulichukua saa nyingi. Baada ya hapo ziliwekwa taa za betri na rangi inayong'aa gizani, na mazoezi ya kutoka yakaimarishwa.

Tarehe 11 Septemba 2001 ndege zilizotekwa nyara ziliigonga minara yote miwili. Katika mnara wa kaskazini ngazi zote tatu zilikatika, na hakuna aliyekuwa juu ya hapo aliyeokoka. Katika mnara wa kusini, ghorofa zilizogongwa zilikuwa na mitambo mikubwa ya lifti, iliyolazimisha ngazi kutenganishwa. Ngazi moja ilibaki ikipitika, na watu 18 walishuka kwayo.

Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa taarifa yake mwaka 2005. Chuma hakikuyeyuka. Mgongano ulibandua kinga ya moto, na chuma kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Sakafu zilinepa, zikazivuta nguzo za nje kwa ndani. Mnara wa kusini ulianguka baada ya dakika 56, wa kaskazini baada ya dakika 102. Walioaga dunia mahali hapo, pamoja na abiria na waokoaji, walikuwa 2,753.

Takriban asilimia 99 ya waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa walitoka salama, kwani asubuhi hiyo minara haikuwa imejaa hata nusu. Taasisi hiyo ilikadiria kwamba, lau ingejaa, huenda watu 14,000 wangekufa, maana ngazi zisingetosha.

Kilichobadilika

Kanuni za ujenzi zilizotolewa Marekani mwaka 2009 zinadai majengo marefu sana ya ofisi yawe na ngazi ya ziada, kuta za ngazi zilizo imara zaidi, na alama zinazong'aa. Mnara mpya, One World Trade Center, wenye mita 541, ulifunguliwa mwaka 2014. Ngazi zake zimo ndani ya kuta nene za zege, na wazimamoto wana ngazi yao, wasipishane na wanaoshuka.

Nafasi ya ngazi haileti kodi, na kwa miaka mingi huweza kuonekana kuwa hasara. Thamani yake hupimwa siku moja tu, nayo siku hiyo haitoi muda wa kujenga nyingine.