Dondoo muhimu: Siku ya kwanza ya Kiingereza, mwache mtoto asikilize

Mwalimu wa darasa la kwanza, usianze kwa kumtaka mtoto aseme. Mpe kwanza kitu cha kutenda. Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alionyesha kwamba mwanafunzi anayeitikia amri kwa mwili huelewa na kukumbuka vizuri hata kabla hajatamka neno. Kwa hiyo sema "stand up" huku ukisimama, kisha "sit down" huku ukiketi. Rudia mara kadhaa, halafu toa amri bila kutenda, uone nani ameelewa. Amri nne zatosha siku hiyo. Hata darasa la watoto 80 linalimudu zoezi hili, maana halidai vifaa. Wakibanana madawatini, waguse pua na masikio.

Wapo watakaosema asiyetamka hajajifunza. Lakini hata lugha ya nyumbani mtoto aliielewa miezi mingi kabla ya kuisema. Wengine huhofia kwamba kutumia Kiswahili katika somo la Kiingereza kutamchelewesha mtoto. Kumbe maelezo mafupi ya zoezi kwa Kiswahili humwondolea woga, na woga ndio unaofunga kinywa. Anayetaka kusema aseme, na akikosea, tafadhali usimsahihishe mbele ya wenzake.