Mgongo Ukishuka Mguuni

Somo la afya kwa vikundi vya kujisaidia



Karibu kila kikundi kina mtu mmoja ambaye siku hizi haonekani kwenye kazi ya pamoja. Mkiuliza mnaambiwa, "Ni mgongo tu." Mkipita kwake mnamkuta amesimama mlangoni, anaonekana mzima. Hana kidonda, hana homa, hakufungwa bandeji. Basi maneno yanaanza. Wengine wanasema ni mvivu, wengine wanasema amerogwa. Mweka hazina anaandika faini kitabuni. Baada ya miezi miwili mtu huyo anaacha kuja mkutanoni, na pengine ng'ombe wake ameshauzwa kulipia matibabu ambayo hayakumsaidia.

Somo hili ni juu ya ugonjwa huo ambao hauonekani kwa macho. Tunataka kila mwanachama ajue mambo matatu: ni nini kinachouma, ni dalili gani za kukimbiza mtu hospitali siku hiyo hiyo, na kikundi kinaweza kufanya nini ili mwenzao apone bila kufilisika. Mwenyekiti anaweza kumwomba mtu mmoja asome kwa sauti, sehemu moja moja, na watu waulize maswali.

1. NDANI YA MGONGO KUNA NINI?

Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mifupa hiyo inaitwa pingili. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, nacho kinaitwa diski. Ganda la diski ni gumu, lakini ndani yake kuna ute mzito kama uji uliopoa. Kazi ya diski ni kuuwezesha mgongo kupinda na kupunguza kishindo tunapotembea au kubeba mzigo.

Watu husema "diski imeteleza", lakini kwa kweli diski haitelezi. Ganda lake huchoka na kupasuka kidogo, kisha ute wa ndani hutokeza nje. Mara nyingi jambo hili hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, karibu na kiuno, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba uzito mwingi zaidi. Hakuna mtu anayeweza kurudisha ute huo ndani kwa kukanyaga mgongo au kuuvuta kwa nguvu.

Karibu na diski hizo hutoka mizizi ya mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini. Mshipa huu unapita ndani ya tako, unateremka nyuma ya paja, unagawanyika karibu na goti na kufika hadi kwenye unyayo. Ute wa diski ukiubana au kuuchoma mzizi mmoja, maumivu husikika kule mguuni, hata kama mguu wenyewe hauna shida. Ni kama kukanyaga mpira wa maji karibu na mfereji. Shida iko pale mguu wako ulipo, lakini maji yanakosekana kule mwisho, shambani. Maumivu haya ya mshipa yanaitwa sayatika.

2. TUTAMTAMBUAJE?

Mgongo wa kawaida, ule wa kuchoka baada ya kulima, huuma kiunoni na mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Sayatika ina alama zake:

- Maumivu yanatoka kiunoni au takoni na kuteremka mguu mmoja, mara nyingi kupita goti.
- Mtu anasema ni kama umeme, kama moto, au kama kuchomwa na miiba.
- Sehemu ya mguu au vidole vina ganzi.
- Kukohoa, kupiga chafya au kukaa kwa muda mrefu huzidisha maumivu. Ndiyo sababu mnamkuta amesimama mlangoni badala ya kukaa.
- Akilala chali na mguu wake ukainuliwa pole pole bila kukunja goti, maumivu yanampiga kuanzia takoni kwenda chini.

Ugonjwa huu huwapata sana watu wa miaka 30 hadi 50, yaani wale hasa wanaotegemewa nyumbani. Kuinua mizigo mizito kwa kujipinda, kuendesha gari kwa saa nyingi, uvutaji wa sigara na mwili wa kurithi kwa wazazi, yote haya huchangia. Wakati mwingine diski hupasuka mtu akiinama tu kuokota kijiko. Hakuna aliyemroga.

3. DALILI ZA HATARI

Sehemu hii isomwe mara mbili. Mtu mwenye mgongo apelekwe hospitali SIKU HIYO HIYO, hata kama ni usiku, akiwa na moja ya haya:

- Ganzi katika sehemu za siri, matakoni au katikati ya mapaja, pale mahali mtu anapokalia kiti cha baiskeli.
- Mkojo umeziba, au mkojo au choo kinatoka bila yeye kujua.
- Miguu yote miwili inalegea, au mguu mmoja unapoteza nguvu upesi, unyayo unaburura na kiatu kinatoka chenyewe.

Hapo mishipa mingi ya chini ya mgongo inabanwa kwa pamoja. Anaweza kuhitaji operesheni ya haraka. Akichelewa hata siku moja au mbili, anaweza kubaki na ulemavu wa miguu au shida ya mkojo maisha yake yote. Watu wengi huona haya kutaja mambo ya mkojo, hasa mbele ya wakwe au watoto. Kwa hiyo kila kikundi kiseme wazi kwamba hapa hakuna aibu.

Kuna wengine ambao si wa usiku huo, lakini wasikae nyumbani wakingoja: mwenye homa, anayetokwa na jasho usiku au anayekonda, aliyewahi kuugua saratani, na aliyeanguka kutoka kwa mti au bodaboda. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye mifupa ya mgongo hata kwa mtu asiyekohoa, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Pia kuna bruselosi, ugonjwa wa maziwa mabichi, ambao huleta homa na maumivu ya mgongo. Magonjwa hayo mawili yana dawa zake, na mazoezi peke yake hayawezi kuyaponya.

4. HABARI NJEMA: WENGI HUPONA

Mtu asiye na dalili hizo za hatari ana sababu ya kuwa na matumaini. Kwa watu walio wengi, maumivu ya mguu hupungua sana katika majuma 6 hadi 12. Mwili wenyewe hunyonya ule ute uliotoka na mshipa ukatulia.

Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani wiki nyingi. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo yao baada ya kulinganisha wagonjwa wa sayatika waliolala kitandani wiki mbili na wengine walioendelea na shughuli kadiri walivyoweza. Wale wa kitandani hawakupona vizuri zaidi. Kulala siku moja au mbili maumivu yakiwa makali si vibaya. Baada ya hapo, mtu atembee kidogo kidogo, hata kama ni kuzunguka boma mara tatu kwa siku, na aongeze mwendo kila wiki.

Mambo mengine ya kufanya nyumbani:

- Alale ubavu, blanketi iliyokunjwa ikiwa katikati ya magoti. Au alale chali, miguu ikiwa juu ya kiti.
- Ajaribu kulala kifudifudi kwa dakika chache, akijiinua kwa viwiko. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, ni dalili njema, aendelee. Yakizidi kuteremka mguuni, aache.
- Asikae muda mrefu bila kusimama, hasa kwenye kiti kifupi cha kukamulia.
- Kitambaa chenye joto kiunoni kinaweza kutuliza misuli.

5. DAWA, PICHA NA OPERESHENI

Dawa. Ibuprofeni au diklofenaki hupunguza maumivu kwa wengine, lakini hairudishi diski. Zitumiwe kwa siku chache, baada ya chakula, na zisichanganywe hizo mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au mimba amwulize mhudumu wa afya kwanza. Vidonge vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti bila jina, msinunue.

Kukandwa. Kukandwa polepole kwa mafuta kunaweza kumstarehesha mtu. Kukanyagwa mgongoni au kuchanjwa kwa wembe hapana. Na mikanda ya mgongo ya bei kubwa je? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, lilishauri mikanda hiyo isitumiwe kama tiba ya kawaida. Lilipendekeza elimu na mazoezi.

Picha. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski. Mashine ya MRI ndiyo inayoonyesha diski, nayo ni ghali. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Kwanza mtu apimwe kwa mikono: nguvu za miguu, ganzi, na kutembea kwa visigino na kwa vidole. Hakuna haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya picha wiki ya kwanza.

Operesheni. Ikiwa maumivu makali ya mguu hayajapungua baada ya majuma 6 hadi 12, au nguvu za mguu zinapungua, ni wakati wa kuonana na daktari wa upasuaji. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari za wagonjwa 283 wenye sayatika kali. Nusu walipangiwa operesheni mapema, na nusu waliendelea kungoja kwa uangalizi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, katika makundi yote mawili, watu 95 kwa kila 100 walisema wamepona. Katika kundi la kungoja, 39 kwa kila 100 waliishia kupasuliwa. Basi mtu asiiogope operesheni inapohitajika, wala asiikimbilie.

Njia ya kufuata. Anza na zahanati au kituo cha afya. Omba barua ya kwenda hospitali ya kaunti, ambako kuna wataalamu wa fiziotherapia wa kufundisha mazoezi. Wakiona kuna haja, watakutuma kwenye hospitali kubwa ya rufaa kama Kenyatta, Nairobi, au Moi, Eldoret. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kila mwanachama ajiandikishe na alipe kabla ya kuugua, na kila mara aulize hospitalini ni huduma gani zinazolipiwa.

6. MZIGO WA MAJI

Mwaka 1986 ulichapishwa uchunguzi kuhusu akina mama wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kichwani. Ilionekana kwamba mama mzoefu anaweza kubeba sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Kupita hapo, nguvu anazotumia hupanda.

Tufanye hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu yake moja ya tano ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Na hao waliopimwa walikuwa wazima. Mwenye sayatika asibebe mtungi huo kabisa hadi apate nafuu. Akianza tena, aanze na lita 5 mkono huu na 5 mkono ule, akunje magoti na kushika mzigo karibu na mwili. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza. Jembe liwekwe mpini mrefu.

Na nyinyi akina baba, mkokoteni na baiskeli havichagui mwanamume wala mwanamke. Maji ni ya nyumba nzima. Tena, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 10, ni karibu lita 300. Hiyo ni mitungi 15 ambayo hakuna mgongo ulioibeba. Tangi ni dawa ya mgongo pia.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tuseme mwanachama wenu ameshikwa leo. Tunapendekeza hivi:

a) Asitozwe faini. Kamati imtembelee, imsikilize, na ikubaliane naye muda wa kupumzika kazi nzito, kwa mfano majuma 6, kisha waangalie tena.
b) Apewe kazi nyepesi: kuandika mahudhurio, kupokea michango, kuhesabu miche. Mtu anayeendelea kuhesabiwa hupona moyo mapema.
c) Wanachama wapeane zamu ya kumchotea maji.
d) Mtu mmoja amsindikize hospitalini, akumbuke aliyoambiwa, na azijue zile dalili za hatari.
e) Zamu yake ya merigoraundi inaweza kusogezwa mbele ili apate nauli na pesa za matibabu kabla ya kugusa mifugo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kitabu chetu kina faini ya mtu aliyekosa kazi kwa sababu ya mgongo? Tutaifanyia nini?
2. Ni dalili zipi tatu za kumpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo? Kila mmoja azitaje bila kusoma.
3. Usiku wa manane, ni gari la nani tutakalopata, na namba yake ya simu anayo nani?
4. Katika boma zetu, nani anabeba maji, kilo ngapi, mara ngapi kwa siku?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni watu wawili wa kwenda wiki hii kumwona yule ambaye amekuwa haonekani. Waende na mtungi wa maji.