Motorola zenye GPS: twende nazo msituni kuwinda?

*Mimi ni kijana wa Kaniola, teritware ya Walungu. Kaka yangu mkubwa anayeishi Marekani ametutumia vifaa viwili vya Garmin Rino, yaani motorola zenye GPS ndani. Ukiongea, mwenzako anakusikia na pia anaona kwenye kioo uko upande gani. Sisi tunawinda na mbwa upande wa msitu. Kuna mwenzetu alipotelea kwenye ukungu akalala nje usiku kucha, kwa hiyo nadhani vifaa hivi vitatusaidia. Mama amekataa kabisa. Anasema nitaleta kifo nyumbani. Nani ana haki?*

*Mwindaji, Kaniola*

Mama yako ana haki, kijana wangu. Nasema hivyo bila kuidharau zawadi ya kaka yako, kwa maana kifaa chenyewe ni kizuri na aliyekituma alikuwa na nia ya kukulinda.

Elewa kwanza ulichoshika mkononi. Ndani ya ganda moja kuna vitu viwili vyenye tabia tofauti. GPS husikiliza tu: inapokea ishara za satelaiti, inapiga hesabu ya mahali uliposimama, na hesabu hiyo inabaki kwako. Redio ndiyo inayosema. Ukibonyeza kitufe, sauti yako inasambaa pande zote, na yeyote aliyefungua redio kwenye masafa hayo anaisikia bila kukuomba ruhusa. Sifa ya Rino, tangu zilipoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kwamba redio inaichukua hesabu ya GPS na kuirusha hewani. Kwa mwindaji wa Marekani hilo ni jambo la kufurahisha. Wewe uko Kivu Kusini, na kila unapobonyeza unatangaza kwamba kuna mtu msituni mwenye redio.

Unajua vizuri ni watu gani wanaotembea na motorola katika misitu yetu. Ni askari, ni wanamgambo wa Wazalendo, ni makundi ya porini. Mkulima hana motorola, mchoma makaa hana. Watu wa Kaniola hawahitaji kukumbushwa ya Mei 2007, jinsi wauaji walivyotoka msituni usiku. Tangu wakati huo, mtu anayetoka kwenye miti na redio kiunoni haulizwi kama anatafuta swala. Ukikutwa kwenye bariere, nani atakaa akusikilize ukieleza kwamba redio umeizima kwenye menyu na unatumia GPS peke yake? Hata GPS hiyo ina kumbukumbu: njia ulizopita, alama ulizoweka, saa ulizosimama. Wewe utasema ni mahali mbwa walipobweka. Mwenye bunduki ataona orodha ya maeneo na atakuita mpelelezi.

Utaniambia, basi niende kuomba kibali. Kwa sheria za nchi ndiyo njia: masafa ya redio hayachukuliwi ovyo, hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, na vifaa vyako vimepangiwa masafa ya megahezi 462 na 467 ambayo Marekani imewaachia raia wake. Huku hujui ni nani anayeyatumia. Ila tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, karatasi yenye muhuri wa upande mmoja yaweza kuwa ushahidi dhidi yako mbele ya upande mwingine. Siwezi kukushauri ubebe karatasi ya namna hiyo mfukoni, ukivuka vilima ambavyo wenye kuvishika wanabadilika.

Tena, kwa tatizo lenu hasa, redio hiyo ingewaangusha. Umbali mrefu unaotajwa kwenye boksi ni wa mahali pa wazi, watu wawili wakionana kutoka kilima hadi kilima. Mawimbi ya aina hii hayapindi mlima. Mwenzenu alipopotea, naamini alikuwa bondeni, chini ya miti yenye maji, na mgongo wa kilima katikati yenu. Hapo ndipo Rino hunyamaza. Mngeita na kuita, wengine wangewasikia, naye asisikie.

Sasa niseme juu ya uwindaji wenyewe, maana barua yako imeupita haraka. Kutoka upande wa Kaniola, hatua chache za kumfuata mbwa zinaweza kukuingiza katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na leo ina takriban kilomita za mraba 6,000. Humo kuwinda ni marufuku kwa kila mtu. Nje ya hifadhi, sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka kibali. Walinzi wa hifadhi wenyewe wanatumia GPS kuandika kila mtego na kila kiota cha sokwe wanachokiona, kwa hiyo usifikiri wewe ndiye utakuwa mwenye macho zaidi. Na wakikukuta na redio, watakuchukulia kama jangili aliyejipanga.

Najua maneno haya yanauma. Wapo Batwa waliofukuzwa katika msitu huo huo, na mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki ulitangazwa. Dai lao ni la kweli, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini dai hilo si ruhusa ya kijana wa Kaniola kufukuza wanyama kwa redio. Hata huko vifaa vyako vilikotoka, Alaska kwa mfano, sheria inakataza kumpata mnyama kwa kuongozwa na mawasiliano ya redio. Wawindaji wa kule wanakubali kwamba mnyama apewe nafasi yake.

Ufanye nini basi? Futa leo alama zote zilizomo. Kisha toa betri. Usiviuze, hata kwa bei nzuri, kwa sababu huwezi kujua vitaishia mkononi mwa nani, na motorola iliyotoka kwako inaweza siku moja kuongoza watu hadi kijijini kwako. Mwambie kaka yako ukweli. Kama mtu aliyevileta anarudi, avirudishe. Kama harudi, zungumza na mama na wazee wa nyumba, vivunjwe mbele yao, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba vipo.

Kwa kutopotea, simu yako ya kawaida inatosha. GPS iliyo ndani yake inafanya kazi bila mtandao na bila kadi. Siku ukishuka Bukavu mahali penye intaneti, pakua ramani ya Walungu nzima kwenye programu inayosoma ramani bila mtandao, kisha weka alama moja tu: nyumbani. Ukipotea, usitembee ukiangalia kioo. Simama mahali miti ilipoachana, subiri dakika chache hadi hesabu itulie, ndipo uanze kusogea. Ukimtumia mtu namba za mahali, mkubaliane kwanza mtaziandika kwa mtindo upi, digrii na dakika au digrii na desimali, maana ukichanganya mitindo atakutafuta bonde jingine. Beba filimbi. Milio mitatu, kimya, milio mitatu tena: hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana katika nchi nyingi, na sauti kali ya filimbi inasikika mbali kuliko koo lililochoka. Na kabla ya kwenda shamba la mbali au kutafuta kuni, mwambie mama umeelekea upande gani na utarudi saa ngapi.

Kuhusu nyama, dende (simbilisi) wanaofugwa jikoni Walungu kote wanazaana haraka, wanakula majani na maganda, na hawahitaji kibali cha mtu. Ukimwandikia kaka yako, mwombe pesa za mbao na waya wa vizimba, na betri ya akiba ya simu. Vizimba vianze na majike watano na dume mmoja.