Usipoziba Ufa: Funzo la Manowari Yorktown

Tusomapo habari za Vita vya Pili vya Dunia, tunawasifu majemadari na marubani tu. Leo mimi nataka tuwaangalie mafundi na wazima moto wa Yorktown, manowari ya Marekani ya kubebea ndege.

Hebu kwanza tujue manowari ya namna hii ni kitu gani. Ni uwanja wa ndege unaoelea. Juu pana sitaha ya kurukia ndege, chini yake karakana, na chini zaidi mitambo, mabomu na matangi ya petroli. Yorktown ilichukua watu zaidi ya 2,000. Kumbe adui mmoja waliishi naye humo humo ndani: petroli!

Tarehe 8 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe kule Pasifiki, bomu la Wajapani lilitoboa sitaha ya Yorktown, likaua mabaharia wengi. Mwenzake, Lexington, iliangamia siku hiyo hiyo kwa sababu mvuke wa petroli iliyovuja ulishika moto. Yorktown ikajikokota hadi Pearl Harbor, Hawaii. Ilikadiriwa kuwa matengenezo yangechukua siku 90. Wapi! Mafundi zaidi ya 1,000 walifanya kazi usiku na mchana. Iliingia tarehe 27 Mei. Ikatoka gudini, na tarehe 30 ikaondoka kurudi vitani.

Tarehe 4 Juni, karibu na Midway, Wajapani walikuwa na manowari nne za ndege. Tatu, yaani Akagi, Kaga na Soryu, zilipigwa asubuhi, ndege zikiwa ndani zimejaa mafuta na mabomu yamezagaa. Mabomu machache tu yalizigeuza tanuri. Soryu ilichomwa na marubani wa Yorktown.

Mchana ndege za Hiryu, ile ya nne, zikaipiga Yorktown mabomu matatu. Mbona haikulipuka? Kwa sababu yale ya Lexington yalikuwa yamewafunza. Mabomba ya petroli yalikuwa yamekaushwa na kujazwa kabonidayoksaidi, ile hewa tunayosoma katika kemia kuwa huzima moto. Moto ukazimwa, sitaha ikazibwa, meli ikaenda tena. Wajapani waliporudi walidhani ni manowari nyingine, nzima!

Safari hii makombora mawili ya majini yaliilaza upande. Tarehe 6, mafundi wakiwa wamerudi kuiokoa, nyambizi ikaipiga tena. Tarehe 7 Juni 1942 ikazama.

Je, walijisumbua bure? Mimi nasema la! Mabaharia wengi waliokolewa, na ndege za upelelezi za Yorktown ndizo zilizoiona Hiryu, ikapigwa jioni ile ile.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini, ndugu zangu, ukuta wenyewe hakuna pa kuujenga.

Msamiati
Sitaha: sakafu ya juu ya meli.
Gudi: mahali pa kutengenezea meli.
Nyambizi: meli iendayo chini ya maji.