Kiduha: gugu linaloanza kula kabla hujaliona



Leo tujifunze kutoka shambani. Huku Ndundu, jirani na mto Rufiji, bibi yangu aliona mahindi yake yananyauka wakati udongo una unyevu. Jirani mmoja akasema ardhi imechoka, mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Baadaye kikachomoza kimmea kifupi chenye maua mekundu, kizuri tu cha kutazama, na hakuna nyumbani aliyekijua. Bwana shamba akachimba taratibu, akatuonyesha mzizi wake umenasa kwenye mzizi wa mahindi. Kumbe ni kiduha.

Kiduha hunyonya maji na chakula cha mahindi, mtama, uwele na mpunga. Hukaa chini ya udongo wiki kadhaa kabla ya kuchomoza, kwa hiyo ukiona ua, ujue hasara imeshaanza. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa kushika.

Sasa mtu atauliza: mbona katika Mathayo 13 mwenye shamba anakataza kung'oa magugu mpaka mavuno? Soma mpaka aya ya 38. Yesu mwenyewe anaeleza kwamba shamba lile ni ulimwengu. Kutenga watu wabaya na wema si kazi yetu. Lakini moyo wangu nimekabidhiwa niupalilie, na hapo sina ruhusa ya kusubiri.

Chukua mfano wa kubeti. Mkeka wa kwanza ni mia tano tu, raha tupu. Kinachoonekana nje ni kijana aliyenyauka: hela ya ada haionekani, usingizi hakuna, kila mtu nyumbani anamkera. Tunalaumu maisha magumu, kumbe kuna kitu kimeshika mzizi.

Bwana shamba alitufundisha hivi, nami naona yanatufaa:

1. Ng'oa kabla hakijatoa mbegu, kisha choma. Usikitupe pembeni. Ukiamua kuacha, futa na ile programu kwenye simu.
2. Rudia kila wiki, maana vingine vitachomoza. Kitubio nacho si cha mara moja kwa mwaka.
3. Weka mbolea ya samadi, na msimu mwingine panda kunde. Moyo mtupu hauponi; ujaze sala, kazi na marafiki wema.

Tusidanganyane: kung'oa kiduha leo hakurudishi mahindi yaliyokwisha kudumaa. Unaokoa misimu inayokuja. Hela iliyoliwa nayo huenda isirudi, ila miaka yako 10 ijayo bado iko mikononi mwako.

Swali la wiki: ni nini kinachokunyausha ambacho bado unakiita ua?

Tusali: Ee Bwana, tuonyeshe mizizi iliyojificha ndani yetu, utupe ujasiri wa kuing'oa. Amina.